Mstari Huu Umechorwa na Nani?

*Mazungumzo na familia mpya, Al Mankhool. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao zamu za kazi ziliwazuia kufika.*

Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja, mmeshukia BurJuman na kutembea mpaka hapa na joto hili. Maji yapo pale nyuma, chukueni kabla hatujaanza.

Mara nyingi tukikutana hapa tunazungumza juu ya viza, kodi ya nyumba na shule za watoto. Leo nataka tuzungumze juu ya karatasi nyingine, ile inayobandikwa ukutani jikoni, ghalani au kiwandani. Ina nukta nyingi zilizounganishwa, na mistari mitatu iliyolala: mmoja katikati, mmoja juu, mmoja chini. Wengine huiita chati ya ubora. Jina lake hasa ni chati ya udhibiti. Siku hizi wengine hawaioni ukutani kabisa, iko kwenye kompyuta ya msimamizi, na wao huletewa habari tu kwamba "nukta yako imetoka nje."

Nimeichagua kwa sababu wamekuja watu mezani kwangu na barua ya onyo mkononi, na kosa lililoandikwa ni nukta moja iliyovuka mstari. Nikiwauliza, "Mstari huu umechorwa na nani?" hawajui. Nikiuliza, "Umetoka kwenye hesabu gani?" hawajui. Na mara nyingine aliyeandika barua naye hajui.

Dada wa friji

Nitaanza na dada mmoja wa kwetu. Ameniruhusu nisimulie, jina lake na mahali pake pa kazi nitayaacha.

Alipata kazi jikoni. Sehemu ya kazi yake ilikuwa kupima joto la friji kubwa kila asubuhi na kuliandika. Siku 10 za kwanza aliandika hivi: 3.4, 4.0, 3.2, 3.7, 4.3, 3.6, 3.0, 3.7, 3.3, 3.8. Ni nyuzi joto za Selsiasi. Dada huyu ni mwaminifu, alichokiona ndicho alichokiandika.

Meneja mpya alifika, akaweka namba hizo kwenye programu ya kompyuta. Programu hizi zina visanduku vya kuandika lengo lako na mipaka yako mwenyewe, badala ya kuacha mashine ipige hesabu. Meneja akaandika: lengo 3.5, mpaka wa juu 3.8, mpaka wa chini 3.2. Nia yake haikuwa mbaya, alitaka friji itulie. Lakini zitazameni tena zile namba 10. Siku ya 4.0 iko nje. Siku ya 4.3 iko nje. Siku ya 3.0 iko nje. Siku 3 kati ya 10, na kila moja dada aliitwa ofisini kueleza alifanya nini.

Hakufanya kitu. Siku moja mzigo wa nyama uliingia mapema na mlango ukakaa wazi. Siku nyingine jiko lilikuwa na wateja wachache. Friji hupanda na kushuka kama mtu anavyopumua. Lakini utamwelezaje bosi hivyo, kwa Kiingereza cha miezi miwili?

Akapewa onyo la kwanza kwa maandishi. Akaja kwangu. Na hapa nitasema kosa langu mimi. Nilimwambia, "Dada, shikilia kazi. Usibishane nao, fanya wanavyotaka." Nilidhani ninamlinda. Yeye akaelewa kwamba wanachotaka ni namba nzuri. Kuanzia wiki ile karatasi yake ikasoma 3.5, 3.6, 3.5, 3.5, 3.4, 3.5. Maswali ofisini yakaisha. Akasifiwa hata.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Asubuhi moja friji iliharibika kweli. Karatasi ilisema 3.5. Mpishi aliposhika kuku akamkuta vuguvugu. Chakula chote kilitupwa, na ashukuriwe Mungu hakuna aliyekula. Lakini dada alirudi mezani kwangu analia, na mara hii haikuwa onyo, ilikuwa barua ya kumtaka ajieleze kwa nini asifukuzwe.

Hapo ndipo nilipochukua kalamu na karatasi, nikafanya kile ambacho ningefanya mara ya kwanza.

Kuna mistari ya aina tatu

Ndugu zangu, mkisahau mengine yote ya jioni hii, kumbukeni hili. Kwenye chati ya kazini kuna mistari ya aina tatu, na kila mmoja una mwenyewe.

Wa kwanza ni mstari wa sharti. Huu hutoka nje ya kazi yenu: sheria, daktari, mteja. Wale mliopita kambini mnaukumbuka utepe wa rangi wa kupima mkono wa mtoto. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto yuko hatarini sana. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Utepe ule haujali kambi imepata mgao kamili au nusu, wala haujali mama amehangaika kiasi gani. Umewekwa kulinda uhai, na hausogezwi ili kumfurahisha mtu. Hapa Dubai, jikoni, mstari wa namna hiyo ni wa Manispaa ya Dubai: chakula cha baridi kikae nyuzi 5 au chini yake, chakula cha moto kikae nyuzi 60 au zaidi. Huo ni wa kuheshimiwa. Namba ikivuka 5, chakula kinashughulikiwa, hata kama hakuna mwenye kosa.

Wa pili ni mstari wa lengo. Huu unawekwa na mwenye kazi: tunataka friji ikae karibu na 3.5, tunataka mfuko uwe na gramu 505. Lengo ni matakwa. Si dhambi kuwa na matakwa, kazi bila lengo hupotea njia.

Wa tatu ni mipaka ya udhibiti, juu na chini. Hii haitoki kwa serikali wala kwa bosi. Inatoka kwenye kazi yenyewe. Unachukua namba zilizopita, unapiga hesabu, na hesabu inakwambia: kwa friji hii, mlango huu, jiko hili, namba zitachezacheza kati ya hapa na hapa, hata kama kila mtu anafanya kazi yake vizuri.

Aliyeigundua alikuwa Walter Shewhart, mfanyakazi wa kampuni ya Western Electric ya Marekani. Kampuni ile ilitengeneza vifaa vya simu katika kiwanda kikubwa cha Hawthorne, karibu na Chicago. Tarehe 16 Mei 1924 alimwandikia mkuu wake barua fupi, kama ukurasa mmoja, yenye mchoro wa chati ya kwanza ya aina hii. Wazo lake lilikuwa rahisi. Kila kazi ina mabadiliko ya kawaida, yanayotokana na mambo madogo madogo mengi ambayo huwezi kumnyooshea mtu kidole. Na kuna mabadiliko yenye sababu yake maalumu, kama mashine kuvunjika au malighafi mbovu. Mipaka ya udhibiti ipo ili kutenganisha hayo mawili. Nukta ikiwa ndani, usiwinde mtu. Nukta ikitoka nje, nenda katafute sababu leo, kabla haijapotea.

W. Edwards Deming, aliyejifunza kwa Shewhart, alikwenda Japani mwaka 1950 kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda mambo haya. Katika maisha yake yote alisisitiza kwamba matatizo mengi ya kazini yanatoka kwenye utaratibu, ambao wenye uwezo wa kuubadilisha ni viongozi, si mfanyakazi aliye mstari wa mbele.

Sasa mnaona kosa la meneja wetu. Alichukua matakwa yake akayaandika kwenye kisanduku cha mipaka ya udhibiti. Kompyuta haikumkatalia, kwa sababu kompyuta haijui nani alichora mstari. Chati ikaanza kupiga kelele juu ya mambo ya kawaida, na kelele ile ikamwangukia mtu.

Tupige hesabu pamoja

Msiogope, ni hesabu ya darasa la sita. Chukueni simu.

Hatua ya kwanza, wastani. Jumlisheni zile namba 10. Mtapata 36. Gawanyeni kwa 10: 3.6. Huo ndio mstari wa kati.

Hatua ya pili, tofauti ya siku na siku. Kutoka 3.4 kwenda 4.0 ni 0.6. Kutoka 4.0 kwenda 3.2 ni 0.8. Endeleeni hivyo bila kujali kama imepanda au imeshuka: 0.6, 0.8, 0.5, 0.6, 0.7, 0.6, 0.7, 0.4, 0.5. Ziko tofauti 9, jumla yake 5.4. Gawanyeni kwa 9: 0.6.

Hatua ya tatu, zidisheni 0.6 kwa 2.66. Hiyo 2.66 ni namba iliyokwisha kukokotolewa kwa chati za namna hii, inakaa pale pale kila mara. Jibu ni kama 1.6.

Hatua ya nne, ongezeni 1.6 juu ya wastani na toeni 1.6 chini ya wastani. Mpaka wa juu 5.2. Mpaka wa chini 2.0.

Namba 10 zinatosha kuonyesha njia. Kwa kazi ya kweli ngojeni walau 20, mipaka iwe na uzito zaidi.

Sasa tusome jibu. Namba zote 10 za dada yetu ziko kati ya 2.0 na 5.2. Hakuna hata moja iliyotoka nje. Hakukuwa na siku ya kumwita ofisini. Hilo la kwanza.

La pili ni zito zaidi. Mpaka wa juu wa friji ile ni 5.2, na sharti la Manispaa ni 5. Maana yake friji ile, ikiwa nzima, bila mtu kukosea, ina uwezo wa kuvuka sharti siku moja moja. Tatizo lilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila halikuwa la dada. Lilikuwa la mahali kitufe cha baridi kilipowekwa. Barua 100 za onyo haziwezi kuishusha friji hata nusu nyuzi. Kugeuza kitufe mara moja kunaweza.

Hayo ndiyo tuliyoyaandika kwenye barua ya kujieleza. Dada alikiri kwa mdomo wake kwamba aliandika namba za uongo, na akaeleza alianza lini na kwa nini. Nilimwambia wazi kwamba lile lilikuwa kosa, na hatukulificha. Tukaambatanisha namba zake 10 za kweli na hesabu hii mliyoifanya sasa hivi. Meneja alisoma mara mbili. Alikasirika kwanza, kisha akamwita fundi. Friji ikatengenezwa, kitufe kikashushwa. Walipopima tena, wastani ulikuwa umekaa kwenye 2.6, na upana wa kuchezacheza ni ule ule wa 1.6. Piga hesabu: juu 4.2, chini 1.0. Sasa hata siku mbaya ya kawaida iko chini ya 5. Dada alipewa onyo kwa uongo wa namba, na alistahili. Lakini kazi yake ipo.

Je, ni vibaya kujiwekea lengo na mipaka?

Hapana. Wapo hapa mnaosimamia wenzenu, na mtakuja kukaa mbele ya kompyuta ile yenye visanduku. Kuna wakati ni halali kuvijaza kwa mkono. Nitawapa nyakati tatu.

Kwanza, unapokuwa na kitufe cha kurekebisha na lengo linalojulikana. Kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa ghala moja la Al Quoz, kupakia viungo kwenye mifuko ya gramu 500. Mashine iliwekwa ilenge 505 ili mfuko usipungue. Pale ni sawa kabisa kuandika 505 kuwa mstari wa kati badala ya wastani, kwa sababu swali lako ni: je, mashine bado inalenga tulipoiambia? Lakini angalieni: upana wa mipaka, kwenda juu na kwenda chini, bado unautoa kwenye namba za mashine. Lengo unaweza kulichagua. Kuchezacheza kwa mashine hukuchagui.

Mimi mwenyewe pale nilifanya upumbavu. Mfuko ukitoka na 508, nilirudisha mashine chini gramu 3. Ukitoka na 501, nilipandisha gramu 4. Nilijiona mchapakazi. Kumbe nilikuwa naharibu. Hesabu inaonyesha kwamba ukirekebisha kila mara kwa kiasi kile kile ulichokosa, mashine ambayo ilikuwa imetulia hutawanyika zaidi, kwa takriban asilimia 41. Mzee mmoja wa zamu ya usiku aliniambia, "Kijana, acha kuisumbua." Nilimwona mvivu. Miaka baadaye, chuoni, nilikuta somo hilo kwenye kitabu na nikamkumbuka.

Pili, unapotaka kugandisha mipaka ya kipindi kizuri. Programu nyingi hupiga hesabu upya kila unapoongeza namba. Hapo pana mtego. Tuseme mpira wa mlango wa friji umeanza kuchanika na joto linapanda polepole, wiki hadi wiki. Mipaka ikihesabiwa upya kila siku, nayo inapanda na friji, na chati inaendelea kusema salama. Kwa hiyo chukua wiki ambazo ulijua kazi iko sawa, piga hesabu yake, kisha andika mipaka ile kwa mkono na uiache hapo. Namba mpya zipimwe kwa mipaka ile ya siku njema. Na hata ndani ya mipaka, ukiona nukta 8 mfululizo zote ziko upande mmoja wa mstari wa kati, inuka ukaangalie mlango. Hiyo nayo ni ishara.

Tatu, kazi inapobadilika kweli. Friji mpya, mashine mpya, utaratibu mpya. Mipaka ya zamani haiwezi kuhukumu kazi mpya. Anza mipaka mipya tangu siku ile, na kwenye chati andika tarehe na sababu. Dada yetu wa friji, siku kitufe kiliposhushwa, alipiga mstari wa kusimama kwenye karatasi na kuandika: "Leo fundi amerekebisha." Atakayekuja baada yake ataelewa.

Na kuna nyakati si halali. Usichukue sharti la nje, kama ile 5 ya Manispaa, ukaliandika kuwa mpaka wa udhibiti. Lichore, ndiyo, lionekane, lakini kwa rangi nyingine na jina lake. Ukilifanya mpaka wa udhibiti, friji inaweza kupanda kutoka 3 mpaka 4.8 na chati isikwambie kitu, mpaka chakula kimefika mlangoni pa hatari. Na usibane mipaka eti watu wasilale. Ukiibana kuliko kazi inavyoweza, huwafanyi watu kuwa hodari. Unawafundisha kuandika 3.5.

Ukiitwa ofisini kwa sababu ya nukta

Sasa turudi kwenu mnaoitwa.

La kwanza, usibadilishe namba. Namba ya kweli inaweza kukutetea. Namba ya uongo, siku mambo yakiharibika, inakufunga. Na nyuma ya namba ile yupo mtu atakayekula chakula kile, labda mtoto wako.

La pili, andika kando ya kila namba kilichotokea siku ile, kwa maneno mawili matatu: mzigo umeingia, umeme ulikatika, mlango ulikaa wazi. Siku ya maswali hutakumbuka, daftari litakumbuka.

La tatu, uliza kwa adabu: mstari huu ni wa sharti, wa lengo, au wa udhibiti? Kama ni wa udhibiti, ulihesabiwa kwa namba za siku gani? Si ubishi huo. Ni swali ambalo msimamizi mzuri atafurahi kulisikia. Mwenye Kiingereza kidogo aje ofisini, tutaliandika pamoja kwenye kikaratasi akionyeshe.

La nne, jueni haki yenu. Sheria ya kazi ya sekta binafsi hapa, Na. 33 ya mwaka 2021, ilianza kutumika tarehe 2 Februari 2022. Inataja adhabu ambazo mwajiri anaweza kutoa: onyo kwa maandishi, kukatwa mshahara usiozidi siku 5 kwa mwezi, na nyinginezo mpaka kuachishwa kazi. Kanuni zake zinataka mfanyakazi aelezwe kwa maandishi anachotuhumiwa, asikilizwe, na utetezi wake uchunguzwe kabla adhabu haijatolewa. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kujieleza, itumie. Usitie saini karatasi usiyoielewa ili tu utoke chumbani. Wanaofanya kazi majumbani wana sheria yao nyingine, waje tuzungumze pembeni.

Na nyumbani je?

Namalizia na watoto, kwa sababu mstari uliochorwa vibaya unaumiza hata nyumbani.

Mtoto amekuja na alama 70, wiki inayofuata 62, kisha 74, kisha 66. Baba ameweka mpaka: chini ya 70 ni kiboko au kunyang'anywa simu. Mtoto akipata 62 anagombezwa, na wiki inayofuata anapata 74. Baba anasema, "Mmeona? Ukali unafanya kazi." Akipata 74 anasifiwa, kisha anashuka 66. Baba anasema, "Sifa zinamharibu." Kumbe alama zilikuwa zinapanda na kushuka kama friji ile. Baada ya namba ya chini sana mara nyingi huja iliyo karibu na wastani, na baada ya ya juu sana vivyo hivyo. Wala ukali wala sifa havikuhusika.

Wekeni lengo na mtoto, ni vizuri. Lakini mkitaka wastani upande, ulizeni juu ya utaratibu: analala saa ngapi, anapata wapi pa kusomea kwenye chumba chenye watu sita, lugha ya darasani anaielewa? Hivyo ndivyo vitufe. Na alama zikishuka ghafla mbali kuliko kawaida yake, au zikikaa chini wiki baada ya wiki, hapo kaa naye chini uulize kwa upole. Kuna jambo.

Sisi tuliokuja hapa tumepimwa sana. Tumepimwa mikono, damu, alama za vidole, na kila mahali kulikuwa na mstari. Tulizoea kuukubali bila kuuliza, kwa sababu kuuliza kulikuwa hatari. Hapa, juu ya karatasi ile ya ukutani, mnaweza kuuliza.

Dada wa friji yuko hapa leo, amekaa na watu wake, sitamwonyesha. Wiki iliyopita aliniletea karatasi ya mwezi mzima. Namba zinapanda na kushuka, 2.1, 3.3, 2.4, 3.0, hakuna mbili zinazofanana mfululizo. Nilifurahi kuziona hivyo. Zinaonekana kama namba za friji inayofunguliwa na watu wanaofanya kazi.

Mwenye karatasi ya kazini mfukoni aitoe sasa, tuitazame pamoja kabla ya chai.